Poda ya Kumi Bora

Albert Park, Durban
Jumapili, 4 Septemba 2011

Yaya Marie-Louise, dada yangu mkubwa,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya vikao virefu ambavyo mimi mwenyewe sikualikwa, inatangazwa rasmi kwa ukoo wetu wote, walio hai na waliotangulia, kwamba mdogo wako Gustave amepandishwa cheo. Tangu Alhamisi silindi tena magari upande wa jua. Ninalinda upande wa kivuli. Nimepewa na filimbi. Kokwa ya ndani imepotea, kwa hiyo hailii, inapumua tu, lakini ni filimbi. Ukipenda, mwombe padri aitangaze baada ya misa.

Kazi yenyewe unaijua. Maegesho yapo Westville, karibu na chuo kikuu. Tunavaa vizibao vya rangi ya machungwa, tunamwonyesha mtu kwa mkono nafasi ambayo ameshaiona kwa macho yake, kisha tunalinda gari mpaka arudi. Miaka tisa, na limeibwa gari moja tu kwenye zamu yangu. Mwizi wake nilimpungia mkono, nikamwambia safari njema.

Sasa kaa chini, Yaya. Cheo kina mzigo wake: wakija wapya, mimi ndiye ninawafundisha. Ijumaa waliniletea mzee, kizibao kimempwaya, viatu vimepigwa rangi kama vya harusi. Nikamtazama. Akanitazama. "Bwana Katibu," akasema, "umenenepa."

Ni Prefe. Prefe Ladislaus, mkuu wa shule yetu, yule aliyeandika kitabu cha historia ambacho mpaka leo ninajua ukurasa wake wa ishirini kwa moyo. Yule ambaye askari wageni walipoingia Kasanzi mwaka wa tisini na nane walimtoa shuleni wakamkalisha kwenye kiti cha gavana, naye akakaa. Yule aliyewapa wanafunzi wetu kumi bora. Aliyewapa mdogo wetu Honoré.

Nimempeleka upande wa jua.

Sikupigii simu kwa sababu huko unaongelea kwenye kibanda cha Dominiki, na mji mzima unajua kabla hujakata. Barua anabeba Cathy, anayeleta nywele za kuuza. Usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Gustave


Kasanzi
25 Septemba 2011

Gustave,

Cathy ameikalia barua yako siku tatu kama yai. Nimeisoma chooni, mara mbili.

Sina kicheko, kwa hiyo cheko zako nimezipita. Kumi na mbili, hiyo ndiyo miaka tangu wale kumi waondoke. Waliambiwa wanakwenda kusoma utawala, miezi sita, watarudi na viatu vipya. Wakapanda lori asubuhi ya Jumatatu na masanduku yao. Mwaka mmoja baadaye mwindaji akasema aliwaona msituni wamebeba risasi za wageni vichwani, na walikuwa wanne tu.

Mama bado ana ile palmaresi, orodha ya matokeo uliyoipiga taipu wewe. Iko ndani ya kopo la poda. Kila Julai analifungua, anatafuta kwa kidole mpaka afike pale: wa tisa, Honoré, sitini na saba. Mama hajui kusoma. Anajua pale tu.

Halafu wewe unaniambia umemweka kwenye jua. Jua linachoma kila mtu, Gustave, hata mbuzi. Mimi nataka kitu kinachomchoma yeye peke yake. Ulikuwa katibu wake miaka saba, ulichemsha hata chai yake. Unajua pa kumchoma. Patafute.

Na asife kabla.

Marie-Louise


Albert Park
16 Oktoba 2011

Yaya,

Nimesoma, nimeinama. Naomba tu usizipite cheko zangu zote. Mimi bila hizo ni mnene mwenye filimbi mbovu.

Taarifa ya kisasi mpaka sasa. Wiki ya kwanza nilimnyima kofia. Akafunga leso kichwani, wanawake wakampenda. Wiki ya pili nilimpa kona ya mapipa, penye nzi. Akaja Mkenya mmoja anaitwa Zephaniah, anafundisha chuoni, akamsikia akimwambia mtu "karibu sana" kwa Kiswahili chake kile cha vitabuni. Akashuka kwenye gari. Wakasimama pale kwenye mapipa nusu saa wakizungumza historia. Siku hizi Mkenya anaegesha kwenye mapipa kila siku, kwa hiari. Eish, Yaya. Mtu unamtupa jalalani, jalala linakuwa chuo.

Lakini sikiliza hili. Unaijua mutualité yetu, chama cha watu wa Kasanzi hapa Durban, ambacho mimi ni katibu wake kwa kuwa hakuna mwingine anayependa kuandika. Huku watoto wanamaliza mwaka wa shule Desemba. Jumapili ya tarehe kumi na nane, saa tisa, tutatangaza matokeo yao, kama nyumbani: jina, asilimia, mama anatoka na kopo anammwagia mwanawe poda kichwani. Mwenyekiti wetu Cyprian amesikia kwamba Prefe yuko mjini. Siku hiyo hiyo anataka kumpa kiti cha rais wa heshima. "Gustave," ananiambia, "kwa mambo ya vita, nani hakula na wageni? Na hakuna aliyesoma palmaresi kama yule mzee." Wengi wanakubali. Hata Cédric, mwenye duka la simu kule mjini, yule aliyelia siku ya matokeo kwa kuwa wa kumi na moja. Ana mke, ana binti wawili, amesema sharp, yaani sawa, mzee apewe kiti.

Wanataka asome palmaresi. Basi asome. Orodha ninaandika mimi. Atasimama mbele ya watu mia, atavaa miwani, na karatasi nitakayomtia mkononi haitakuwa ya watoto wa Durban. Itakuwa ile yetu. Asome kumi wale, mmoja mmoja, na kila jina anyamaze kidogo kama zamani, akimsubiri mama aje na poda. Halafu tuone atakaa kwenye kiti gani.

Gustave


Durban
6 Novemba 2011

Kwa Bwana Gustave, Msimamizi wa Maegesho
Yahusu: ombi la kivuli

Bwana Msimamizi,

Baada ya salamu, ninakuletea ombi langu kwa maandishi, maana kwa mdomo tumezoea kuzungumzia magari tu.

Macho yangu yamepata utando. Daktari wa zahanati amesema jua linauharakisha. Sidai kivuli, najua kwa nini niko nilipo, na katika nafasi yako huenda ningechagua kona mbaya zaidi. Ninaomba tu niweze kuona mpaka katikati ya Desemba.

Mzee Cyprian ameniomba nisome matokeo ya watoto. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nimekubali kwa sharti kwamba orodha uiandike wewe, kama zamani. Nami safari hii nitaisoma kwanza.

Kuhusu kiti, sijajibu.

Wako katika utumishi,
Ladislaus


Kasanzi
9 Novemba 2011

Gustave mdogo wangu,

Leo nimecheka. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka Mama akauliza kama nimepagawa.

Hapa ndani nimekuandikia orodha yote, nimeinakili kutoka kwenye karatasi ya Mama yeye akiwa kanisani, nisije nikasikia umesahau mmoja. Wa kwanza Israël, themanini na moja, mpaka wa kumi Pascal, sitini na sita. Honoré nimempigia mstari.

Nimefanya na jambo ambalo hukuniambia. Nimewaambia mama zao. Saba bado wako hai. Wamekuja nyumbani mmoja mmoja wakijidai wanaazima chumvi. Tumekubaliana: tarehe kumi na nane, saa tisa ya huko kwenu, kila mmoja atakaa mlangoni kwake na kopo lake. Hatutamwaga kitu. Tutakaa tu, tukijua kwamba saa ile mtu yule analitaja jina.

Mama naye nimemwambia. Nisamehe. Aliuliza, "Atasema na asilimia yake?" Nikamwambia atasema. Ameniomba nimsuke.

Kuhusu Cédric, mwache. Yu hai kwa sababu ya nafasi moja. Mungu alimpenda akampunguzia akili.

Marie-Louise


Albert Park
27 Novemba 2011

Yaya,

Mbona umewaambia. Kisasi cha watu wawili ni kisasi, cha watu kumi ni sherehe.

Nimefikiria. Naona tusome majina peke yake, bila asilimia. Majina yanatosha, yana uzito wake. Asilimia zitawachanganya watu, watadhani ni mchezo wa shule. Na mzee macho yake hayaoni vizuri, tarakimu atazikosea, halafu watu watacheka, na wakicheka tumekwisha. Au nisome mimi. Au tuwaache watoto wapewe siku yao, yeye tumshike baadaye, Januari, iko nafasi nyingi.

Nimemhamishia kivulini kwa muda. Usikasirike. Nataka aweze kuona karatasi.

Gustave


Kasanzi
8 Desemba 2011

Gustave,

Umeanza kutetemeka. Nilijua. Ulikuwa hivi hivi siku ya lori: uliita majina yao kwa nguvu, halafu ukaenda kutapika nyuma ya bweni. Nilikuhurumia. Leo sikuhurumii.

Asilimia zisomwe. Mama anataka ile sitini na saba isikike. Ndiyo yote aliyopata kwa mtoto yule. Ukiiondoa, usiniandikie tena.

Marie-Louise


Albert Park
Jumanne, 20 Desemba 2011

Yaya,

Leo sina tangazo. Nitakueleza ilivyokuwa, na ukiona utani umepenya mahali, ujue ni woga.

Barua yako ilifika Jumamosi. Usiku ule nilipiga taipu majina na asilimia zote, kama ulivyotaka. Jumapili ukumbi wa kanisa ulijaa. Akina mama walikuwa na makopo mapajani, watoto wamebanwa kwenye tai. Cyprian alimsifu Prefe kwa muda mrefu, kiti chenyewe kikiwa nyuma yake kimefunikwa kitenge. Orodha ya watoto ilikuwa mfukoni mwangu. Ile nyingine nikampa.

Akavaa miwani, akaisogeza karatasi mpaka puani. Akasoma yote kimya, mpaka chini. Cyprian akasema, "Prefe, watoto wanasubiri." Akanitazama jinsi alivyozoea kunitazama nikimletea karatasi yenye makosa. Kisha akavua miwani, akaikunja karatasi, akaitia kwenye koti.

Nikajua anatoroka. Nilikuwa nimeshainuka kwenye kiti ili niisome mwenyewe kwa kichwa, nimtemee na mate.

Akaanza bila karatasi. "Shule ya Kasanzi, mwaka wa tisini na nane kuingia tisini na tisa. Wa kwanza: Israël. Asilimia themanini na moja. Alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto." Akanyamaza, akasubiri. Hakuna mama aliyetoka. "Wa pili: Peguy. Sabini na tisa. Alikuwa na kigugumizi, ila si akiimba." Akasubiri. Yaya, ukumbi mzima ulielewa kwenye jina la tatu. Mama mmoja wa Kasanzi akaweka kopo lake chini, polepole, na wengine wakafuata. Nilikuwa ninahesabu kwa vidole. Nilikuwa nina furaha, sikufichi. Nilimwona anavyotafuta mate mdomoni, nikasema moyoni, kunywa, mzee.

Alipofika wa tisa akasema: "Pascal. Sitini na sita."

Pascal ni wa kumi. Nikadhani amemruka Honoré kwa uzee. Akaendelea: "Wa kumi kwa haki: Cédric. Sitini na tano." Cédric akasimama pale alipokuwa, binti yake mdogo mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa. "Cédric hakupanda lori," Prefe akasema. "Mahali pake alipanda Honoré, aliyekuwa wa kumi na nne, asilimia hamsini na nane. Karatasi niliyoitia sahihi ilisema sitini na saba. Sikuisoma. Nilikuwa gavana, nilidhani kazi ya gavana ni sahihi. Waliniambia ni shule ya utawala. Nilitaka iwe shule, nikaamini ni shule. Niliwachagulia walio bora. Hakuna aliyenishikia bunduki. Kiti hiki mpeni mwingine."

Mama mmoja akauliza, "Ile sitini na saba, nani aliiandika?"

Prefe akasema, "Sahihi ni yangu." Akaenda kukaa nyuma kabisa, penye mlango.

Yaya, niliiandika mimi.

Nilikuwa peke yangu ofisini na mashine ya taipu. Fishi za pointi, kadi za alama za kila mwanafunzi, zilikuwa kushoto, karatasi tupu kulia. Mama alikuwa na kopo lile la poda tangu wewe ulipokuwa darasa la nne. Alilinunua kwa ajili yako, ukaacha shule. Akaniwekea mimi, na mimi unanijua, nilikuwa wa mwisho kwa bidii. Mwaka ule alikuwa amebaki Honoré, mtoto wa mwisho kwetu, na kesho yake ilikuwa siku ya matokeo. Nikaongeza pointi tisa. Nikasema, nani anakufa kwa pointi tisa?

Honoré hakujua. Unakumbuka alivyogeuka nyuma aliposikia jina, aone anaitwa nani? Mlidhani ni haya. Alikuwa anashangaa. Mama akakimbia, kifuniko kikakataa kwa ukongwe, akakifungua kwa meno. Mlimchinjia kuku. Mimi nilikula paja.

Siku kumi baadaye wageni wakaomba kumi bora, na Prefe akawapa karatasi yangu. Na mimi, katibu, nilisimama kwenye mkia wa lori nikiita majina. Nilipofika wa tisa nilikuwa na nafasi ya kusema: Prefe, kuna kosa, huyu ni wa kumi na nne. Ningefukuzwa kazi. Miaka yote nimejiambia kwamba sikusema kwa sababu nilidhani ni shule. Si kweli. Niliona jinsi wale askari walivyokuwa wanawapapasa mabega, kama watu wanaonunua punda. Nilijua kwamba si shule. Niliogopa, nikaita jina la ndugu yangu kwa sauti kubwa, akapanda. Alinipa mkono, ili nimpandishe.

Kwa hiyo nilimtafutia Prefe jua, nzi, aibu, kila kitu, mradi asiwepo mwingine.

Baada ya shughuli (watoto walisomewa na Cyprian, vibaya, na poda ilimwagwa kidogo kidogo) nilimfuata nje mpaka kwenye robot, taa za barabarani, ambapo anapandia taxi. Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema wiki mbili baada ya lori alirudi shuleni kupitia fishi, jina kwa jina, akitafuta kitu cha kumsaidia kulala, akaliona lile.

"Na hukusema, miaka kumi na miwili," nikamwambia. "Ulininyamazia kwa huruma?"

"Hapana, Bwana Katibu," akasema. "Niliona ni afadhali niwe na mwenzangu."

Nilitaka kumpiga. Bado ninataka. Taa ikabadilika, akapanda taxi.

Cédric alinifuata jana kwenye maegesho. Alikaa kwenye gari lake saa nzima, kisha akaondoka, na mimi nikampungia mkono kwa mazoea.

Mimi siwezi kumwandikia Mama, maana barua zake unazisoma wewe. Amekaa mlangoni amesukwa, anaamini sitini na saba imesikika. Msomee hii, au mwache na kidole chake pale kinapopajua. Sikuombi uchague lipi.

Prefe nimemwachia kivuli na filimbi. Si huruma, nimeshindwa tu kukaa pale. Ulisema unataka kitu kinachomchoma mtu yeye peke yake. Ukipata, njia ya kuja huku Cathy anaijua. Ukishuka Westville uliza maegesho, halafu usiende kwenye kivuli.

Gustave